Mbwa Aliyependa Waliolala

Kisa hiki ni cha mama mmoja fundi cherehani, na kimeandikwa kwa ajili ya kila mwenye mtoto ndani ya nyumba, hasa yule anayejisemea moyoni kwamba kwangu hayatafika.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Wa pili alikuwa binti, na tangu alipojua kusema hakujua kufunga mdomo, ndiyo maana nyumba nzima ikamwita Chiriku. Alipokua akapata kazi kwenye duka la miwani, na wateja walikuwa wakisema binti yule anakuchekesha mpaka unasahau kilichokuleta.

Siku moja, mchana kweupe, umeme ulimpiga kaka mtu akiwa kazini. Alikufa palepale, glavu zikiwa bado mikononi. Mama akamzika mwanawe, akapokea pole za watu, akaosha vyombo vya waliokuja kumpa pole, na siku ya nane akarudi kwenye cherehani. Hakutoa chozi. Watu wakasema yule mama ana moyo wa chuma. Hakuwa nao. Alikuwa na binti aliyelala, na wawili hawawezi kulala katika nyumba moja.

Maana Chiriku alilala. Alirudi kutoka makaburini, akavua viatu, akapanda kitandani, na kwa wiki tisa alishuka kwa haja na kuoga tu, tena kuoga kwa kubembelezwa kama mtoto wa miaka mitatu. Haumwi kichwa, haumwi tumbo. Ukimwita anaitika "bee", halafu basi. Mwenye duka la miwani, mzee mpole, alivumilia hadi akatuma ujumbe wa simu: nafasi ya binti ipo mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo, mama, mimi nitakuwa sina la kufanya. Mama aliusoma polepole, akaurudia, akaunakili kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo na kukibandika kwa pini ukutani, juu ya cherehani. Kila akiinua macho kutoka kwenye sindano anakiona.

Akampeleka binti hospitali, wakakaa kwa mshauri, kijana mwenye sauti ya taratibu. Kijana akasema baadhi ya watu hufunguka wakipata kiumbe wa kumpenda. Mbwa, kwa mfano. Nje ya mji kuna kituo kinachookota mbwa waliotelekezwa. "Tafuteni mpole, anayependa kushikwashikwa," alisema, "lakini awe wa kumwamsha, mama. Mbwa wa kutembezwa, wa kumtoa nje." Mama alisikia neno mpole, akaondoka nalo. Mengine yalibaki kule chumbani kwa mshauri.

Mdogo wake mama, ambaye Chiriku alimwita mama mdogo na ambaye alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali ileile, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mbwa ndani ya nyumba? Dada, basi na mbuzi mpe kabati!"

"Cheka tu. Wewe mwanao anasema, wangu amenyamaza."

"Haya, nimekoma. Lakini akinilamba mimi, nahama ukoo."

Kituoni mama na mdogo wake walipokelewa na mzee mmoja mwenye mabuti ya mpira, ndiye mtunza mbwa. Mbwa wote walikuwa wakibweka na kurukia waya, isipokuwa mmoja, mkubwa, rangi ya majani makavu. Yule alikuja mwenyewe, akaegemeza uzito wake wote kwenye miguu ya mama, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

"Huyu anaitwa Blanketi," alisema mtunza mbwa. "Akikupata umekaa, amekufunika."

Mama aliuliza maswali matatu. Anauma? Hapana. Anakula sana? Kiasi. Anapenda watu? Yule mzee akatabasamu na kusema, "Mama, huyu kwa kupenda watu amepitiliza." Akampa karatasi mbili za maelezo, herufi ndogondogo zimebanana kama mchwa. Shule ya mama iliishia msingi. Alisoma kwa kufuatisha kidole, na aliona haya kusimama pale mbele za watu na kidole chake. Akaweka sahihi, akazikunja, akazitia mkobani.

Blanketi aliingia nyumbani kana kwamba anarudi. Alipita jikoni bila kunusa sufuria, akapita mbele ya cherehani, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Chiriku, akapanda kitandani na kulaza shingo yake juu ya mabega ya binti. Chiriku akamtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, akalia, na mbwa akamlamba machozi moja moja, polepole, kama mwenye kazi hiyo.

"Mama," alisema Chiriku, na alikuwa anatabasamu, "ni mzito huyu."

Mama aliegemea fremu ya mlango. Alisema moyoni, basi, mtoto wangu amerudi.

Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo kweli. Binti alikula. Binti alisema, ingawa aliyekuwa akisemeshwa ni mbwa. Mama alishona akisikia sauti ile nyuma ya ukuta, na miguu yake ikakanyaga cherehani kwa wepesi uliokuwa umempotea.

Wiki ya pili Blanketi alianza kukwangua sakafu. Alikuwa anashuka kitandani, anakwenda chini ya dirisha, anakwangua mahali palepale, anamtazama Chiriku, kisha anakwangua tena. "Anataka kitanda kiwe hapa," alisema Chiriku. Wakakisukuma, mama upande wa miguuni, binti upande wa kichwani, na mbwa akapanda na kutulia. Baada ya hapo akawa anavuta pazia kwa meno mpaka mwanga unakatika. Pazia lilikuwa jepesi. Basi mama, kwa mikono yake mwenyewe, akalitia bitana ya kitambaa kizito na kulirefusha liguse sakafu. Kisha ikaja zamu ya kiti cha jikoni: mbwa hakutulia mpaka kikawekwa upande wa kulia wa kitanda, karibu na mkono. Huko ndiko sahani ikawa inawekwa. Chiriku hakuhitaji tena kufika mezani. Kwa haja tu ndiyo mbwa alimwachia ashuke, naye akimfuata mguu kwa mguu na kumrudisha.

Hakuna hata moja kati ya haya lililomshtua mama. Kila moja lilikuja limevaa nguo za mapenzi.

Aliyeshtuka ni mama mdogo. Alikuja Jumamosi kusaidia kufua, akavua shuka la Chiriku kitandani, akalishika mbele ya mwanga uani kwa muda mrefu bila utani wowote.

"Dada, njoo uone. Mimi nafua mashuka ya wagonjwa mwaka wa kumi na nne. Shuka la mtu anayelala na kuamka nalijua, na la mtu asiyeamka nalijua. Hili limelika upande mmoja."

"Si mbwa huyo, ana makucha."

"Makucha hayali nguo hivi. Huyu mtoto analala kwa ubavu wa kushoto, hageuki, anatazama ukuta. Nani amempangia kulala hivyo?"

"Acha mambo yako. Si umemsikia anacheka?"

"Nimemsikia. Ukiacha chooni, mara ya mwisho umemwona amesimama ni lini?"

Mama akalichukua lile shuka, akaliloweka kwenye beseni.

Jioni ile alikwenda chumbani na kumwambia binti aamke, wazunguke nyumba tu, yeye na mbwa, mara moja. Chiriku akasema sawa mama, akakaa, akashusha miguu. Hapo ndipo Blanketi alipoanza. Hakubweka, hakukunja uso. Alilia. Alilia kwa sauti ya chini iliyovutwa, sauti ya mtu mzima anayeaga, akajilaza juu ya nyayo za Chiriku huku mwili wote ukimtetemeka. Chiriku akajaribu kuchomoa mguu. Mbwa akalia zaidi. Binti akarudisha miguu kitandani, na kilio kikakatika palepale kama redio iliyozimwa.

"Siwezi, mama," alisema. "Akilia hivyo najiona kama namuua."

"Ni mbwa, mwanangu."

"Kaka aliondoka asubuhi nikiwa nimelala. Sikuamka kumuaga. Huyu anataka nisiondoke tu. Ni neno kubwa hilo?"

Mama alitoka mle chumbani. Akautafuta mkoba, akazitoa zile karatasi mbili, akakaa kwenye cherehani na kidole chake. Ilimchukua muda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa chanjo. Kwenye wa pili, mstari wa nne kutoka chini, paliandikwa kwamba mbwa alikutwa chumbani kwa mwenyewe, mwanamke wa makamo, siku mbili baada ya mwenyewe kufariki, na kwamba walihitajika watu watatu kumwondoa juu yake.

Kesho yake alikwenda kituoni, na mtunza mbwa, baada ya kujikuna kichwa sana, akamwelekeza nyumbani kwa yule marehemu. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga. Aliyefungua mlango ni mtoto wa marehemu, dereva wa lori, mtu mnene mwenye aibu. Aliposikia habari za mbwa aliinamisha kichwa.

"Yuko hai? Karibu, mama. Karibu ndani. Chumba hatujakigusa."

Mama akaingia, akasimama. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. Pazia lilikuwa zito, limetiwa bitana kwa mkono, mishono mirefu ya mtu asiye fundi, nalo liligusa sakafu. Upande wa kulia palikuwa na stuli. Mkanda wa kupimia ulikuwa shingoni mwa mama kama siku zote. Akauvua, akapima kutoka ukutani hadi kwenye mguu wa kitanda, bila kueleza kwa nini, na yule dereva hakuuliza.

"Mama yako alikuwa anaumwa nini?"

"Mguu. Alivunjika mguu, akalazwa nyumbani miezi mitatu. Tukamletea mbwa amliwaze, maana sisi wote tuko kazini. Mguu ukapona, daktari akasema inuka. Hakuinuka. Miaka mitatu, mama. Mwishowe akaisha tu, kama mshumaa."

"Mbwa ndiye aliyemlaza?"

"Sijui nani alimfundisha mwenzake. Yeye alimlilia mbwa asiende, mbwa akamlilia yeye. Wakaelewana."

"Na nyinyi hamkumwamsha?"

"Tulifurahi," alisema yule mtu, na macho yake yakajaa. "Alikuwa ameacha kulalamika kwamba tunamwacha peke yake. Nikaendesha gari langu kwa amani. Kila nikipiga simu ananiambia nipo na Blanketi, wewe fanya kazi."

Mama alirudi nyumbani karibu akikimbia. Akapima kutoka ukutani hadi kwenye mguu wa kitanda cha Chiriku. Kipimo kilikuwa kilekile, hakikuzidi wala kupungua unene wa sindano. Alisimama na mkanda mkononi mbele ya pazia aliloshona mwenyewe. Binti yake alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto akitazama ukuta, na mama akaona, kwa jinsi shingo ilivyolegea, yule mwanamke wa makamo wa kwenye karatasi.

Akachukua kamba. Blanketi hakupigana, alijilegeza tu, akawa gunia. Aliyepigana ni Chiriku. Alimkumbatia mbwa na kupiga kelele ambayo majirani waliisikia, kisha akasema, kwa utulivu ulioogopesha kuliko ile kelele, "Ukimtoa huyu, mama, utakuwa umebaki na cherehani yako." Mama aliiacha kamba ikaanguka. Mtoto mmoja alikuwa ameshamzika. Hakuthubutu.

Ikafika Jumatatu yenyewe. Mama mdogo aliomba ruhusa kazini, akaja asubuhi na sare ya Chiriku ya dukani, ameipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Wakambembeleza. Chiriku alitaka, hilo lieleweke. Alikuwa anakodolea ile sare macho ya mtu mwenye kiu. Alikaa, mbwa akalia, binti akalala. Akakaa tena, mbwa akatetemeka juu ya nyayo zake, akalala tena. Mara ya tatu hakukaa. Akafumba macho.

"Saa mbili hiyo, dada," alinong'ona mama mdogo. "Duka linafunguliwa saa tatu."

Mama alisimama katikati ya chumba. Kisha akavua kandambili zake.

"Sogea," alimwambia Chiriku, naye akapanda kitandani, akalala upande wa dirishani. "Blanketi. Njoo."

Mbwa alimnusa, akamwacha. Alimjua: huyu ni mtu wa kusimama. Mama akafumba macho na kujilegeza, mbwa hakuja. Akajifanya kulia, mbwa hakugeuza hata sikio. Ndipo mama, kwa kukosa njia nyingine, akaufungua ule mlango alioukalia tangu siku ya nane. Alizifikiria zile glavu. Walikuwa wamempa zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kidole gumba cha ile ya kulia kilikuwa na mshono aliouweka yeye mwenyewe, uzi wa buluu, wiki moja kabla, mtoto akimsimamia na kumwambia fanya haraka, mama, nachelewa. Naye alifanya haraka. Hakumtazama usoni, alikuwa anatazama sindano.

Sauti iliyomtoka, mama mdogo alisema baadaye, hakuwahi kuisikia hata wodini.

Blanketi akainua kichwa kutoka shingoni mwa Chiriku. Akamruka binti taratibu, asimkanyage, akajilaza juu ya mama kwa urefu wake wote, akaanza kumlamba uso.

"Mchukue," alisema mama chini ya mbwa. "Mchukue sasa hivi!"

Mama mdogo akamshika Chiriku mkono, akamsimamisha, akamvalisha sare palepale kama anavyovalishwa mtoto wa darasa la kwanza, kifungo kimoja hapa, kingine kule. Miguu ya binti ilikuwa inacheza kama ya ndama. Mlangoni aligeuka.

"Mama?"

"Nenda, mwanangu. Mimi nakuja."

Chiriku akaenda. Alifika dukani saa tatu kasoro dakika tano, na mwenye duka akatoka nje ya kaunta kumlaki.

Mama hakuja. Alitaka kuamka, alisema hivyo mwenyewe, na hakuna wa kumwita mwongo. Lakini uzito ule ulikuwa mtamu. Kwa miezi mitatu alikuwa amebeba watu, na sasa amepata anayembana asidondoke. Alijiambia dakika tano. Mchana mama mdogo alirudi akamkuta amegeukia ukutani kwa ubavu wa kushoto, pazia limevutwa.

Wiki ya pili walimrudisha mbwa kituoni. Chiriku mwenyewe ndiye aliyeshika kamba, akilia njia nzima, na mama hakupiga kelele wala kuzuia. Walidhani yameisha. Lakini mama bado amelala. Anaacha nafasi kitandani, anapumua polepole kama aliyebanwa kifua, na ukimuuliza anasema, "Si yupo hapa? Ongea taratibu." Nguo za wateja zimening'inia na pini zake. Chiriku huja kila saa ya mapumziko, anafungua pazia, anaishika miguu ya mama yake na kuiweka sakafuni, anamsimulia vituko vya wateja kwa mdomo wake ule wa zamani. Mama anacheka. Halafu anaangalia chini, kwenye nyayo zake, anasikiliza kitu, na anairudisha miguu juu.

Kisa kimeandikwa kwa sababu hii: Chiriku alipokwenda kituoni mwezi uliopita kumwomba yule mzee asimtoe mbwa tena, kizimba kilikuwa kitupu. Alishachukuliwa. Walikuja watu wapole sana, alisema mzee, wana mtoto asiyependa kutoka nje, wakauliza kama anapenda watu. Jina lao hakulikumbuka.

Mbwa hana kosa, asipigwe. Alifundishwa kwamba mtu anayependwa ni mtu aliyelala, na hakuna aliyemfundisha jingine. Lakini kama ni wewe uliyemchukua, yule mkubwa rangi ya majani makavu, acha kusoma sasa hivi. Nenda chumbani. Fungua pazia, mshike mwanao mkono, asimame. Mbwa akilia, mwache alie.